Kitavi wa Ngui na Behewa Lenye Paa Lililojikunja

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, jamaa mliotoka Kibwezi tangu alfajiri, majirani wa Satellite, nanyi mliofanya kazi na marehemu katika karakana ya reli, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya shemeji yangu Kitavi Ngui, mimi Njuguna Muigai, kaka mkubwa wa mjane, na kwa kuwa nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu, bila mwalimu, nitasoma polepole, nanyi mtanivumilia. Mtanivumilia pia nitakapokaa kidogo mahali pa sanduku la treni, maana dada yangu Wamucii aliniambia jana mbele ya kamati nzima, "Njuguna, miaka mingine ruka ukitaka, lakini hapo pa sanduku usiruke," nami sina mazoea ya kubishana naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika landi, yaani kambi ya nyumba za wafanyakazi wa reli, iliyokuwa kati ya Kibwezi na Makindu, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa hayati Ngui Kiema na hayati Mukonyo. Baba yake alikuwa katika gengi la kutunza njia, akitembea kila asubuhi na nyundo begani, akigonga reli na kuisikiliza, na mtoto huyu alijua kutofautisha mlio wa chuma kizima na mlio wa chuma chenye ufa kabla hajajua kuhesabu. Mama yake alizoea kutusimulia kwamba Kitavi alipolia hakuimbiwa, alitolewa nje akaonyeshwa treni ya mizigo, naye alinyamaza mpaka behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea kulia pale alipoachia.

Alianza shule ya misheni karibu na Kibwezi mwaka 1956, akamaliza darasa la saba mwaka 1964, na baada ya kulima na kuchunga kwa babu yake alikuja Nairobi mwezi wa Agosti 1966, akapokelewa na mjomba wake huko Landi Mawe. Tarehe 9 Januari 1967 aliandikishwa kuwa mwanagenzi katika karakana ya reli, katika idara ya vielelezo, na kwa faida ya vijana nieleze kwamba fundi wa vielelezo huchonga kwa mbao umbo kamili la kipuri, umbo hilo likakandamizwa katika mchanga, kisha chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika nafasi liliyoiacha. Ni kazi ya watu wenye subira, kwa kuwa kosa la kisu katika mbao huwa kosa la milele katika chuma, na Kitavi aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, akahitimu mwaka 1972, akawa msimamizi wa benchi mwaka 1986.

Dada yangu alikutana naye mwaka 1973 katika kwaya ya kanisa, mjini, na ujumbe kutoka Kibwezi ulipofika nyumbani kwetu Riruta, ukiwa na mbuzi na mtungi wa asali ambayo majirani waliizungumzia kwa mwezi mzima, baba yetu mzee Muigai hakuitazama asali, aliuliza swali moja tu. Alisema, "Mtu wa reli huhamishwa kama gunia. Nikimtafuta binti yangu nitamtafutia stesheni gani?" Wazee wakatazamana, naye Kitavi, ambaye kwa desturi hakupaswa kufungua kinywa siku ile, akajibu, "Baba, mimi wanaweza kunihamisha, lakini nyumba yake nitaijenga hapa hapa karibu na kuku wako, na nitakuwa nikirudi." Baba yetu alicheka mpaka akakohoa, akaomba asali. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1975, na nyumba ile aliijenga hapa Satellite, palepale Riruta, ya mabati, ndiyo hiyo ambayo wengi wenu mmekesha ndani yake juma hili.

Mungu aliwabariki na watoto watatu, Ngui aliyezaliwa mwaka 1979, Kaindi mwaka 1982, na Thuo mwaka 1987, pamoja na wajukuu wanane, na mkubwa wao ni Stacy, binti wa Ngui, aliyelelewa na babu na nyanya yake.

Sasa nafika mahali pa sanduku. Mwaka 1977, reli ilipogawanywa na watu wengi wakarudi makwao, injinia mmoja aliyekuwa akiondoka aliuza vyombo vya nyumba yake huko Muthangari, na dada yangu, ambaye alikuwa amelala juu ya godoro la sakafuni tangu arusi, alimtuma mumewe akanunue kitanda. Alikwenda asubuhi, akarudi jioni amebeba maboksi mawili ya treni ndogo za kuunganisha, zile ambazo mtu hukata vipande, hugandisha kwa gundi, hupaka rangi, kisha huziendesha kwa umeme juu ya meza. Wamucii alisimama mlangoni akayatazama maboksi, akamtazama mumewe, akasema, "Baba wa watoto ambao bado, nilikutuma kitanda." Naye akasema, "Kitanda kilikuwa kimeuzwa." Tulikuja kujua baadaye kwamba hakikuwa kimeuzwa, na kitanda kile kile alikirudia mwaka uliofuata, kikiwa bado kiko pale, kwa kuwa kilikuwa cha mvule, kizito, na hapakuwa na mwingine aliyekubali kukibeba.

Boksi la kwanza alilifungua mara moja, akaunda injini nyeusi na mabehewa mawili, na treni ile ililelewa pamoja na watoto, ikaangushwa, ikamwagiwa chai, ikapakiwa mende waliokufa kama abiria, na kila ilipovunjika baba yao aliitengeneza, akaitia mafuta, ikaendelea. Boksi la pili hakulifungua. Lilikuwa na injini ya kijani na behewa moja refu la abiria, vipande vyote vikiwa bado havijakatwa kutoka plastiki iliyovishikilia, na mwaka 1989 Ngui alipokuwa na miaka kumi, baba yake alimwekea mkono begani akamwambia, "Hii ni yako na yangu. Ukimaliza darasa la nane tutaifungua pamoja, mtu asiiguse kabla ya siku hiyo." Ahadi hiyo ndiyo ninayoambiwa nisiiruke, maana marehemu hakuwa na deni lingine lililomkosesha usingizi.

Ngui alimaliza darasa la nane mwaka 1993, akafaulu, lakini Januari ya mwaka ule ule baba yake alikuwa amehamishiwa Kisumu, kama mzee Muigai alivyotabiri, na kabla hajaondoka alilifunga boksi ndani ya sanduku la bati, akalizungushia sponji ya godoro ili lisigongwe, akaliweka juu ya kabati karibu na mabati, akamwambia mkewe, "Mama Ngui, nilindie hili." Na dada yangu, mliomfahamu mnajua, akiambiwa alinde, hulinda. Kila Krismasi alilishusha sanduku, akalipangusa, akatia vidonge vipya vya naftalini kwa ajili ya mende na nondo, akalirudisha juu. Marehemu alirudi kutoka Kisumu mwaka 1997, mtoto akiwa katika shule ya bweni, kisha mtoto akawa chuoni, kisha karakana ikapunguza watu na marehemu akastaafishwa tarehe 30 Juni 1999, kisha mtoto akaoa, na kila mwaka ulikuja na sababu yake. Mwaka 2008 Ngui alikwenda Qatar kwa kazi ya umeme, na kila Jumapili alipopiga simu, mazungumzo yalimalizikia mahali pamoja. "Baba, sanduku liko?" "Liko. Rudi ulifungue."

Baada ya kustaafu marehemu alikodi chumba kidogo katikati ya mji, nyuma ya River Road, orofa ya pili, akatengeneza cherehani, saa za ukutani, na vitu vya kuchezea, na watu wa Karen, mtaa wa matajiri, wakaanza kumletea treni ndogo za baba zao, zilizokuwa zimefungiwa kabatini kwa miaka mingi. Ndipo nilipokuwa nikienda kukaa naye mchana, nikamwona akiwaeleza jinsi vitu hivi vinavyozeeka, kwamba plastiki ikikaa karibu na joto hujipinda na kuwa ngumu kama ganda la yai, kwamba mafuta yasiyozungushwa huganda kama sukari guru, kwamba gundi huwa ya manjano na kuachia, na kwamba zinki ikiwa iliyeyushwa na kumiminwa ikiwa na madini kidogo ya risasi ndani yake, huvimba na kupasuka yenyewe miaka mingi baadaye, bila kuguswa na mtu. Siku moja bwana mmoja alimjibu kwa uchungu, "Lakini fundi, hii haijawahi kuchezewa hata siku moja!" Kitavi aliigeuza ile injini mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo shida yake, mzee. Imekaa tu." Jioni ile, tukishuka ngazi, alisimama katikati akaniuliza, "Njuguna, unadhani ile yangu ikoje?" Nilimshika mkono tukaendelea kushuka, kwa kuwa jibu alikuwa akilijua.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka, na daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaokwenda mbele polepole na haurudi nyuma. Alifunga chumba cha mjini mwaka uliofuata, akagawa vifaa vyake, akabakiza visu vitatu vya kuchongea, ambavyo hakuweza tena kuvishika. Ngui alirudi nyumbani Februari 2023, na Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili, baada ya chakula, alipanda juu ya kiti akalishusha sanduku, sisi sote tukiwa tumekaa sebuleni, naye baba yake amekaa juu ya mikono yake ili isionekane.

Kifuniko kilipoinuka, harufu ya naftalini ilitoka kwanza. Sponji ya godoro ilikuwa imekuwa unga wa manjano unaonata, nao ulikuwa umepenya katika karatasi ya boksi na kushikana nayo. Herufi za karatasi za kubandika ubavuni mwa behewa zilivunjika kama majani makavu Ngui alipozipulizia. Fremu za magurudumu, zile za zinki, zilikuwa zimepasuka kila moja. Na paa la behewa, kipande kirefu cha plastiki kilichokuwa karibu kabisa na vidonge, lilikuwa limelainika na kujikunja, lina mawimbi kama utando wa maziwa. Stacy, aliyejaribu kutuokoa, alimwambia babu yake, "Guka, hii kitu imezeeka kukuliko," na hakuna aliyecheka. Ndipo dada yangu aliponusa, akaelewa, akauliza, "Ni dawa yangu ya mende?"

Kitavi angeweza kumwambia kwamba ni uzee tu, na sisi wengine tuliokuwa sebuleni tungeona huo ndio upole. Yeye alimtazama mkewe, akasema, "Ndiyo, Mama Ngui. Hilo paa ni lako. Sponji ni yangu. Na kuiweka juu pale karibu na mabati, ni yangu pia." Kisha akainama, akatazama ndani ya sanduku kwa makini sana, kama mkaguzi, akasema, "Lakini mende, hata mmoja hajaingia." Hapo dada yangu alicheka huku machozi yakimtoka, nasi tukapata ruhusa ya kupumua.

Ngui alishika simu yake akasema, "Baba, wacha niagize ingine kama hii, mpya, inafika kwa wiki mbili." Baba yake akasema, "Ingine si hii. Nilikuahidi hii." Ngui akasema, "Lakini fremu zimekufa." "Tutachonga." "Baba, mimi ni mtu wa umeme, sijawahi kuchonga hata kijiko." Naye mzee akatoa mikono yake chini ya mapaja, akainyoosha mbele yetu ikitetemeka, mara ya kwanza bila kuificha, akasema, "Na mimi hii ndiyo mikono niliyo nayo. Wewe lete yako, mimi nitaleta macho."

Palitakiwa mbao ngumu, kavu, ya zamani, isiyojipinda tena, na Wamucii ndiye aliyeipata. Aliingia chumbani akatoka na ubao wa kichwani wa kile kitanda cha mvule, uliokuwa umeachana na kitanda siku nyingi, akauweka mezani akasema, "Mwaka wa sabini na saba treni ilikula kitanda changu. Naona imerudi kumalizia." Fremu ya kwanza aliyochonga Ngui ilipasuka, ya pili ikawa nene kama biskuti, na kwa miezi mingi, kila Jumamosi Ngui alipotoka kazini, nilikuwa nikiwakuta mezani karibu na dirisha, baba akisema, "Polepole, usiilazimishe, mbao inakuonyesha inakotaka kwenda," mwana akisema, "Hainionyeshi kitu," baba akisema, "Kwa sababu unaongea." Ugonjwa uliongezeka, Novemba 2023 alilazwa, Machi 2024 akalazwa tena, na aliporudi sauti yake ilikuwa imefifia, ikawa lazima Ngui asogeze sikio karibu na kinywa chake ndipo asikie, na nadhani wawili hawa hawakuwahi kukaa karibu hivyo tangu mtoto alipoacha kubebwa.

Fremu zilikamilika Oktoba 2024. Mafuta yaliyoganda ndani ya mota waliyaosha kwa mafuta ya taa, herufi za ubavuni Kaindi alizichora kwa mkono, kwa brashi ya kope, na ilipofika zamu ya paa, Ngui alikuwa tayari amekata jipya kutoka bati la kopo, zuri, limenyooka. Marehemu aliliweka kando. Aliomba lile lililojikunja, akaonyesha kwa kidole mahali pa kutia gundi, akasema, "Hili lilikuwa likilindwa," wala hakueleza zaidi.

Jumapili tarehe 8 Desemba 2024, tuliporudi kutoka kanisani, treni ya kijani iliwekwa juu ya meza ya chakula, nyuma yake likiwa behewa lenye paa la mawimbi, na Ngui akamshika baba yake mkono akamwekea kidole juu ya swichi. Iligoma. Walisafisha reli, wakajaribu tena, ikagoma, naye Ngui akasema, "Pole Baba, labda ile nyaya," na mzee akatikisa kichwa, akainyooshea mkono ile injini nyeusi ya zamani, iliyochezewa na kila mtoto wa nyumba hii, wakaiweka nyuma ya behewa la ile ya kijani, ikaisukuma. Ilikwenda kidogo ikisukumwa, ikakohoa, kisha ya kijani ikashika yenyewe, ikaiacha nyeusi nyuma, ikazunguka meza yote, ikapita mbele ya sahani ya dada yangu, ikarudi, ikasimama. Marehemu alisema, "Umefaulu darasa la nane." Ngui aliweka kichwa chake mezani kati ya reli akalia kama mtoto wa miaka kumi, na mkono wa baba yake uliokuwa ukitetemeka ukakaa juu ya kisogo chake, na hapo ndipo ulipotulia.

Kuanzia Aprili mwaka huu wa 2025 hakuweza kuinuka kitandani, na Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika, alipumzika, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2019, hasa muuguzi aliyekuja nyumbani na kumnyoa bila kuombwa, inawashukuru majirani wa Satellite waliopokezana kukesha, wastaafu wa reli waliokuja na kukaa naye kimya kama apendavyo fundi, mchungaji na kwaya, na ninyi wa Kibwezi mtakaotuongoza leo alasiri tunapomrudisha kwao, kwa barabara inayofuata ile njia ambayo baba yake aliigonga kwa nyundo.

Jambo la mwisho nimeagizwa na dada yangu. Juzi mtu mmoja mwenye nia njema alishauri kwamba treni ile iwekwe ndani ya kioo, ifungwe vizuri, iwe ukumbusho, naye Wamucii akajibu kabla sisi wanaume hatujameza mate, "Mimi nimemaliza kulinda. Itakaa mezani, wajukuu waiendeshe, ikivunjika Ngui anajua kuchonga." Hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Pumzika kwa amani, Kitavi, mwana wa Ngui. Mwanao amelifungua, na sanduku lile, tangu siku ile, halina kifuniko.